Siku ya Kutambua Mali

Watu wa Songambele wanasema nina mdomo. Ninao, sikatai, na ndio uliomvisha Theoneste pingu. Kwa hiyo niacheni niseme mwenyewe ilivyokuwa, maana wengine mmeanza kuisimulia kwa kuitia chumvi, na wengine, wale ndugu zangu, kwa kuitoa chumvi yote mpaka haina ladha.

Mimi ni Joanitha, Mama Mackrine, mwenyekiti wa kitongoji mwaka wa saba sasa. Mume wangu Yustus alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, ile inayosali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi. Nyumba moja, wenyeviti wawili. Watu walikuwa wanatutania kwamba kwetu mgeni akija hapati kiti. Tulikuwa tunacheka.

Jumatano saa mbili asubuhi Sajenti Placidius alisimamisha difenda mbele ya kibanja changu, shamba letu la migomba lenye nyumba, na askari wawili nyuma.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba, afande. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nahitaji shahidi huru. Tunakwenda kupekua kwa Jovitus."

Shahidi huru ni mtu wa pembeni anayesimama polisi wanapopekua, ili kesho mtu asije akasema polisi walikuja na mzigo mfukoni. Kazi hiyo ni ya mwenyekiti, na nimeifanya mara nyingi. Nikavaa kitenge cha heshima, nikachukua miwani na daftari la kitongoji, nikapanda.

Jovitus ana mashine ya kukoboa kahawa kwenye njia ya kwenda Murongo. Kwamba anatoa bangi, hata kuku walijua. Ila hakuna aliyewahi kuona shilingi ikipita pale. Ukitaka msokoto ulikwenda na kitu: jogoo, debe la maharage, shuka, redio. Wengine walimwachia kahawa ikiwa bado maua mtini, ule mtindo tunaouita butura, akaja kuichuma mwenyewe msimu ulipofika. Vitu vyake vilivuka mpaka wa Uganda pale Murongo vikageuka bangi, na bangi ikarudi huku ikageuka vitu. Polisi walikuwa wamemkamata mara mbili, na mara mbili alirudi kabla mkungu niliouacha shambani haujakomaa. Alisema mzigo uliachwa na mpita njia. Alisema yeye hana hata mia mfukoni, na muuzaji gani huyo asiye na hata mia? Wakampekua kweli, hana hata mia.

Siku hiyo walipata viroba viwili vya bangi chini ya makapi ya kahawa. Harufu yake ilinipanda kichwani. Jovitus alikaa juu ya gogo, miguu kaipishanisha, kama anayesubiri kunyolewa.

"Vya mpita njia," akasema.

"Fungua stoo ya nyuma," Sajenti akasema.

Stoo ile, jamani. Baiskeli tatu. Godoro. Masufuria ya harusi. Majembe, cherehani bila meza yake, kuku wanne miguu imefungwa, ngoma ya kwaya. Nyumba za watu zilikuwa mle ndani zimerundikwa. Na kwenye kona, limeegemea ukuta, bomba la bluu la kupulizia dawa kahawa, lile la kubeba mgongoni. Mkanda wake mmoja ulikuwa umekatika zamani, ukashonewa kamba ya katani. Kamba hiyo niliishona mimi kwa sindano ya magunia.

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

Bomba lile ni la kikundi chetu cha kahawa, wakulima ishirini na mmoja, na lilikuwa linatunzwa kwenye stoo ya nyumbani kwangu. Lilipotea mwezi wa tatu. Mtu wa mwisho kulitumia alikuwa Theoneste, kibarua wetu, mtu wa asili ya Burundi aliyekuja huku na mkewe Mukamusoni na watoto watatu. Theoneste alisema alilirudisha jioni ileile, akalikabidhi mikononi mwa Yustus. Yustus akasema hakumbuki kitu kama hicho. Hatukwenda polisi. Kwetu huku mambo ya wizi tunayamaliza jumuiyani, ndio heshima yetu. Jumamosi moja, baada ya sala, tulimsimamisha Theoneste mbele ya watu, nikaandika kwenye daftari, na akaamriwa kulima mashamba ya wanakikundi siku thelathini bila ujira. Alilima zote. Watoto wake shuleni waliitwa "Bomba". Yule mkubwa akaacha kwenda shule kwa wiki nzima.

Sasa bomba liko mbele yangu, na stoo ya nyumbani haijawahi kuvunjwa kufuli. Akili yangu haikuhitaji kuzunguka mbali.

Sajenti alikuwa anaandika hati ya kukamata mali, kitu kimoja kimoja. Akafika kwenye bomba. Akaninyooshea kalamu, macho yake kwenye karatasi.

"Kabla hujasaini, mama. Kuna chochote humu unachokitambua?"

"Hapana," nikasema.

Neno dogo hivyo. Nikasaini, tena kwa mwandiko mzuri.

Alipomaliza, Sajenti alinivuta kando, chini ya mibuni. Ni Mhaya wa Muleba, mpole, anaongea kama padri anayeungamisha, na ndiyo maana namwogopa kuliko wale wanaofoka.

"Mama, mara hii simwachi," akasema. "Hakimu akiniuliza nani alinunua, zamani nilikuwa sina jibu. Fedha haina sura. Ukiikuta mfukoni mwa mtu huwezi kusema imetoka kwa fulani. Lakini baiskeli ina mwenyewe. Godoro lina mwenyewe. Kesho saa nne navitandaza uwanjani kwenye ofisi ya kijiji. Wewe utatangaza kwamba mali zilizoibwa zimepatikana, watu waje watambue."

"Hazikuibwa hizo, afande."

"Ndiyo. Lakini watasema zimeibwa. Nami nitawauliza swali moja tu: uliripoti wapi? Aliyeripoti nitampa chake aende. Asiyeripoti, basi kitu hakikuibwa, kilibadilishwa kwa bangi, na yeye au wa nyumbani kwake ndiye aliyekipeleka. Hapo ataamua mwenyewe: aje kuwa shahidi wangu, au akae na Jovitus."

"Na mtu akikaa kimya asitambue?"

"Akae. Lakini nani ataona godoro lake akakaa kimya?" Akatabasamu. "Neno hili liwe letu wawili. Likivuja nitajua limevuja kwa nani."

Mchana ule nilipanda bodaboda na kipaza sauti cha mkononi, nikazunguka kitongoji chote. Mali zilizoibwa zimepatikana, kesho saa nne, kila mtu aje atambue chake. Wananiamini. Akina mama walisimama barabarani na miche yao ya migomba mikononi wakanishukuru. Nilitangaza kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinyambo kwa ajili ya bibi zetu, na kila niliporudia nilijiona mchawi.

Yustus nilimkuta kibanjani anakata majani makavu ya migomba.

"Bomba liko polisi," nikamwambia.

Hakuuliza bomba gani. Alilaza panga chini taratibu, akakaa juu ya lile rundo la majani.

"Nani kasema?"

"Nimeliona kwa macho yangu haya. Kwa Jovitus. Na yule mbuzi jike uliyesema kakata kamba akapotea, naye alikwenda kwa Jovitus?"

Kisha akaanza na mgongo. Nilijua ataanza na mgongo. Tangu alipoanguka kwenye lori la kahawa mwaka juzi hakulala usiku mzima. Hospitali walimpa vidonge, vidonge vikamchosha tumbo tu. Jovitus alimpa msokoto wa kwanza bure, alisema ni dawa ya wazee. Akalala. Wa pili bure. Baadaye akamwambia, mzee, na wewe lete hata kitu kidogo.

"Ulilalaje, Yustus? Usiku wa siku ile tuliyomsimamisha Theoneste, ulilalaje?"

"Theoneste ni mtu wa kuhama," akasema. "Leo yuko hapa, kesho yuko Ngara. Nilidhani ataona aibu aondoke, yaishe."

Nilitaka kumrushia kitu, na kilichokuwa karibu ni panga, kwa hiyo nikafunga mikono nyuma. Miaka thelathini na moja nimempikia mtu huyu.

"Kesho wanatambua," nikasema. "Ni mtego. Atakayetambua anashikwa."

Hapo ndipo aliponyanyua uso. "Basi tusilitambue. Wewe usilitambue, mimi nisilitambue. Wanakikundi watadhani ni la mtu mwingine, yako mengi ya bluu. Litaozea polisi." Akanishika pindo la kitenge. "Mama Mackrine, mimi nashika Biblia kila Jumamosi. Nihurumie."

Niliutoa mkono wake. Lakini nitasema ukweli: nilishusha pumzi. Kwamba hakuna atakayelitambua, nililipenda wazo hilo. Nililipenda kwa dakika kama tano, mpaka nilipomkumbuka mtu mmoja tu katika Songambele nzima ambaye hawezi kuliona bomba lile akakaa kimya.

Nikaenda kwa Theoneste, karibu nusu saa kwa miguu. Jua lilikuwa bado juu ya kilima. Nilimkuta Mukamusoni peke yake anapukuchua maharage. Aliinuka, akanipa kigoda, akakipangusa kwanza. Tangu ile Jumamosi hajawahi kunikosea adabu hata mara moja, na adabu yake ilikuwa inanichoma.

"Mzee wako yuko wapi?"

"Yuko Murongo, mama. Anapakia ndizi. Atalala huko, kesho anakuja moja kwa moja uwanjani. Nimempigia simu nikamwambia umetangaza."

"Mwambie asije."

Mikono yake ikasimama kwenye maharage. "Kwa nini?"

Ningesema nini? Sajenti alisema likivuja atajua. Na nikisema ni mtego, ataniuliza nimejuaje, na kwa nini namhofia Theoneste peke yake kati ya watu wote.

"Apumzike tu. Kazi ya kupakia inachosha."

"Mama Mackrine," akasema polepole, "watu wote wameitwa. Theoneste asipokuja, watasema nini? Watasema ndiye mwizi, kajificha." Akarudi kwenye maharage yake. "Amefurahi sana. Alikuwa analia kwenye simu. Alisema kama vitu vimepatikana, na bomba litakuwapo."

Nilimwomba namba ya Theoneste, nikapiga njiani mara sita. Simu ilikuwa imezimwa, labda chaji imeisha. Ningeweza kurudi nimwambie Mukamusoni kila kitu. Nilisimama pale njiani kabisa nikafikiria kurudi. Kisha nikaenda zangu nyumbani kupika.

Alhamisi saa nne uwanja ulijaa. Sajenti alikuwa ametandaza turubai na vitu vyote juu yake, safi, vimepangwa kama siku ya mnada. Yeye alikaa nyuma ya meza, kofia kaivua, anaamkia wazee. Jovitus hakuwapo, alikuwa tayari mahabusu. Mimi nilikaa kwenye benchi pembeni ya meza, shahidi wake. Yustus alisimama nyuma ya watu, karibu na ukuta wa ofisi.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Benadeta, mama mmoja mchangamfu anayepika kwenye harusi zetu zote. Alikwenda kwenye masufuria yake akayapiga kofi kama anayesalimia ng'ombe.

"Haya, haya ni yangu. Yote mawili."

"Hongera, mama. Yaliibwa?"

"Yaliibwa, afande, mwezi wa tano."

"Uliripoti wapi?"

Benadeta akafungua mdomo. Akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa ameanza kutembea kinyumenyume, na askari alikuwa amesimama nyuma yake tayari. Wakamshika mkono kwa upole, wakamwongoza ofisini. Benadeta alibaki na sufuria mkononi, hajui aliweke chini au aende nalo.

Watu wakaelewa. Mlisikia ukimya ule, mliokuwapo. Kuanzia hapo hakuna aliyejua chake. Mwenye baiskeli alisema baiskeli yake ilikuwa nyekundu zaidi. Kiongozi wa kwaya aliitazama ngoma yenye jina la kwaya akasema kuna kwaya nyingi. Bibi Kantengwa aliitwa mbele ya kuku, akasema waitu, jamani, hajapata kufuga kuku maisha yake yote. Askari alipowafungua miguu, jike moja la madoa likamfuata mpaka miguuni, likalala kwenye kivuli cha kanga yake. Mtu mmoja akacheka, akaacha. Sajenti alikuwa anaandika, hana haraka. Na mimi nilikuwa natazama barabara ya Murongo na kuomba pikipiki iharibike, mvua inyeshe, lolote.

Ikaja bodaboda. Theoneste aliruka kabla haijasimama vizuri, shati limejaa utomvu wa ndizi. Hakuona nyuso za watu. Hakuona mume wa Benadeta dirishani. Niliinuka nikamtikisia kichwa, nikamtikisia tena, naye akanipungia mkono akitabasamu. Alidhani namkaribisha.

Alipita katikati ya watu, akapiga magoti kwenye turubai, akalikumbatia bomba.

"Ni lenyewe," akasema. "Mama Mackrine, ni lenyewe, tazama kamba yako. Niliwaambia sikuiba. Niliwaambia."

Nyuma ya umati Yustus aliinamisha kichwa.

"Karibu, kijana," Sajenti akasema. "Unaitwa nani?"

"Theoneste, afande. Ni la kikundi. Lilipotea mwezi wa tatu."

"Liliibwa?"

"Liliibwa."

"Liliripotiwa wapi?"

"Mama aliandika kwenye daftari lake. Lipo pale."

Daftari lilikuwa mapajani mwangu. Sajenti alininyooshea mkono, nikampa. Ningesema nimelisahau nyumbani, lakini macho ya uwanja mzima yalikuwa juu yake. Alifunua mpaka mwezi wa tatu, akasoma kwa sauti, mwandiko wangu, maneno yangu: bomba la bluu, mkanda wa kamba ya katani, aliyelichukua mwisho ni Theoneste, ameshindwa kuonyesha lilipo, ameamriwa kufidia kwa vibarua.

"Kwa hiyo halikuripotiwa polisi," akasema. "Na wa mwisho kuwa nalo ni wewe. Na limekutwa kwa Jovitus."

Theoneste alikuwa bado anatabasamu kidogo, kama mtu anayengoja utani ufike mwisho. Askari akamwinua. Pingu zilipolia ndipo alipoelewa. Hakupigana. Mukamusoni alitoka kwenye umati, mtoto mgongoni, akaja akasimama mbele ya meza, ananitazama mimi.

Theoneste hana ukoo hapa. Hana kibanja chenye jina lake. Nani angekwenda kumwekea dhamana? Angekaa ndani mpaka watoto wamsahau sura, na kila mtu angerudi nyumbani akisema, si tulisema.

Sajenti aliinama sikioni kwangu. Harufu ya sabuni yake naikumbuka.

"Jana bomba hili hukulitambua," akasema taratibu, "na leo mwandiko wako unalitambua. Mimi nitachukulia kwamba jana mle stoo kulikuwa na giza. Unanielewa? Wewe ndiye shahidi wangu wa viroba viwili. Ukiharibika wewe, wakili wa Jovitus ataichana kesi hii vipande. Kaa. Kaa tu kimya."

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Polisi anataka nikae kimya, mume wangu anataka nikae kimya, na uwanja mzima unataka yaishe wakanywe rubisi yao. Kiumbe mmoja tu alitaka niseme, naye alikuwa na pingu. Nilimtazama Yustus nikampa nafasi. Nilihesabu pumzi kumi, kweli nilizihesabu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kulikuwa na mwanga," nikasema.

"Mama," Sajenti akasema.

"Jana kulikuwa na mwanga, afande, na nilikuwa na miwani. Nililitambua nikasema uongo. Aliyelipeleka kwa Jovitus ni mume wangu, yule pale ukutani, na mbuzi pia. Ameniambia mwenyewe jana kibanjani. Mfungue huyu."

Sajenti alinitazama muda mrefu, na ule upole wake ulikuwa umekwisha.

"Unajua unachokifanya? Sahihi yako ya jana sasa ni kosa. Nitaondoka na wewe. Na Jovitus akirudi nyumbani mara ya tatu, kitongoji hiki kijue ni kwa ajili yako."

"Andika," nikasema.

Askari walimfuata Yustus ukutani. Hakukimbia, mgongo wenyewe usingemruhusu. Alipopitishwa mbele yangu alisema, "Joanitha." Miaka thelathini na moja ananiita Mama Mackrine, jina langu nilikuwa nimesahau linavyotoka kinywani mwake. Nililia hapo, sitaficha. Nililia na sikumfutia mtu lawama.

Theoneste walimfungua. Alisugua vifundo vya mikono, Mukamusoni akamnong'oneza, akaja mpaka kwenye benchi.

"Mama. Jana ulijua?"

"Nilijua."

"Ukamwambia mke wangu nipumzike."

"Ndiyo."

Nilidhani yameisha. Kisha akauliza, na hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia:

"Na ile Jumamosi? Mliponisimamisha? Siku ile ulikuwa hujui?"

Hapo ningeweza kusema hapana. Hakuna mwanadamu angenikanusha, hata Yustus. Nilikuwa nimeshasema mengi, nimeshajiharibia, ningebaki angalau na hilo: mke aliyedanganywa na mumewe. Watu wangenihurumia. Nilikuwa na neno lenyewe mdomoni tayari.

"Jioni ile uliporudisha bomba," nikamwambia, "nilikuwa jikoni nawasha moto. Nilikusikia uani. Ulisema, mzee, nimeliosha vizuri, liko hapa. Yustus akakujibu, asante, weka chini."

Nikaendelea.

"Nilisikia kwa masikio yangu. Wiki iliyofuata bomba halipo, na mume wangu anasema hakumbuki, nami nikajua kuna jambo. Sikutaka kulijua. Nikaona ni rahisi kuwa wewe."

"Sema kwa sauti," Mukamusoni akasema. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia ananiamuru. "Wao hawajasikia."

Nikasimama juu ya benchi. Niliyarudia yote, neno kwa neno, jikoni na uani na asante weka chini, kwa Kiswahili na kisha kwa Kinyambo. Walinitazama tu. Wengi wao walikuwa jumuiyani siku ile.

Nilipomaliza na kushuka, Theoneste na Mukamusoni walikuwa wameshafika barabarani. Hawakuaga, na sikutegemea waage. Askari alinifungulia mlango wa nyuma wa difenda, nikapanda mwenyewe, nikakaa mkabala na Yustus.